Kizazi kinatoka. Ovari nazo?

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, leo ni zamu yangu. Naomba jina langu lisitajwe, maana mji wetu watu wanajuana na wateja wangu ni wasomaji wako.

Nina miaka 44 na watoto wanne. Naishi Arua, nauza vitenge sokoni. Huu mwaka wa tatu hedhi yangu imegeuka mateso. Inakaa siku tisa, mara nyingine kumi na mbili. Usiku natandika kavera, mfuko wa plastiki, juu ya godoro, juu yake leso mbili, na bado alfajiri naamka nimelowa mpaka mgongoni. Nafua kabla watoto hawajaamka. Sokoni sivai tena nguo isiyo nyeusi. Mwezi wa pili nilianguka kibandani nikiwa nampimia mteja kitambaa. Hospitali wakapima kiwango cha damu (himoglobini) wakakuta 6, nikaongezewa chupa mbili. Skani ikaonyesha faibroidi nyingi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, na daktari akasema kizazi changu kimekuwa kikubwa kama cha mimba ya miezi minne. Vidonge nimekunywa, sindano nimechomwa, mizizi ya mama mkwe nimeimaliza. Tumekubaliana kizazi kitolewe. Hilo nimelikubali moyoni.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Siku ya kupewa tarehe, nesi alinipa fomu ya ruhusa nitie sahihi. Palikuwa na mstari ulioandikwa kwa kalamu: "kutoa kizazi", kisha alama ya kujumlisha, kisha nafasi tupu. Nikauliza hapo patajazwa nini. Akaniwekea kidole: "Hapo unatuambia ovari nazo zitoke au zibaki. Daktari anasema kwa umri wako uamuzi ni wako." Daktari mwenyewe alikuwa ameshaingia kwenye upasuaji. Nikaomba niende na fomu nyumbani. Nimebakiza siku kumi na mbili, na fomu iko ndani ya daftari la madeni ninapoiona kila siku.

Baba watoto anasema wakishafungua tumbo watoe kila kitu. Aliuza pikipiki yake ili tupate pesa ya hospitali, na anasema hana pikipiki nyingine ya kuuza nikirudi huko baada ya miaka miwili. Ana haki.

Halafu kuna mama mkubwa. Alifariki 2016 kule Koboko, akiwa na miaka sitini na kitu. Walituambia ni kansa ya tumbo la uzazi. Mimi ndiye niliyemuuguza. Tumbo lilijaa, mikono ikabaki mifupa, na kila nilipomgeuza kitandani alikuwa ananiomba msamaha kwa kunichosha. Nikikumbuka hayo nasema zitoke, zitoke zote. Binti yangu aliye chuoni naye amenionyesha kwenye simu kwamba Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, alitoa ovari zake.

Lakini jirani yangu Hajati alitolewa vyote akiwa na miaka 39. Mpaka leo nikiamka usiku kufua namwona amekaa mlangoni kwake anajipepea kwa ungo, jasho linamtiririka hata msimu wa mvua. Ananiambia, "Mdogo wangu, nilizeeka kwa wiki moja." Na kuhusu mambo ya chumbani anasema alishayasahau. Mimi na baba watoto bado tunapendana, Shangazi. Naogopa.

Wengine sokoni wanasema ovari zikibaki faibroidi zitarudi. Mwingine anasema mwanamke aliyemaliza kuzaa hana kazi nazo. Baba yangu alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na mimi presha yangu juzi ilikuwa juu kidogo.

Nifanye nini?

Mama wa Wanne, Arua

---

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole kwa kavera na leso za alfajiri, pole kwa kuanguka mbele ya wateja, na pole kwa mama mkubwa. Mtu aliyemgeuza mgonjwa kitandani hawezi kujaza fomu kama anayesikia neno kansa kwa mara ya kwanza.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Swali ni moja, ila ndani yake nasikia sauti tatu: mama mkubwa, Hajati na baba watoto. Wewe mwenye tumbo umesema machache sana. Umesema bado mnapendana. Umesema unaogopa. Nitayarudia.

Kuhusu kizazi sitasema mengi kwa kuwa hukuniuliza, na mtu aliyefika damu 6 hana haja ya kuhubiriwa subira. Tuzungumzie ile nafasi tupu.

Kwanza tuzitenganishe ovari na kizazi, maana sokoni vimefungwa furushi moja. Kizazi hubeba mtoto na kutoa hedhi. Ovari ni viungo viwili vidogo pembeni yake, kila kimoja kina urefu wa sentimita 3 hivi, na kazi yake si mayai pekee. Ndizo zinazotengeneza homoni ya estrojeni, ambayo hulinda mifupa na mishipa ya damu, hutunza usingizi, na huufanya uke uwe laini na wenye unyevu. Hutengeneza pia sehemu ya homoni zinazochochea hamu. Hata baada ya hedhi kukoma kwa umri, hazilali kabisa. Kwa hiyo anayesema mwanamke aliyemaliza kuzaa hana kazi nazo amehesabu watoto tu, amesahau moyo na mifupa.

Na hilo la faibroidi kurudi lisikutishe. Faibroidi huota kwenye nyama ya kizazi. Ni kweli estrojeni huzilisha, lakini kizazi kizima kikishatoka, hazina pa kuota. Kama hofu hiyo ilikuwa inakusukuma, iweke chini.

Sasa mama mkubwa. Hapa nataka kukuuliza kwa upole: ni nani hasa aliyewaambia ni kansa ya tumbo la uzazi, na alimaanisha nini? Katika familia zetu jina hilo hufunika mengi. Linaweza kuwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Hiyo huletwa na kirusi cha HPV, hairithiwi kama rangi ya macho, na haina uhusiano na ovari zako. Ndiyo maana mabinti wa miaka 10 wanachanjwa nchi nzima tangu 2015. Linaweza kuwa kansa ya ovari kweli, kwa kuwa hiyo hujaza tumbo maji na kumkondesha mtu kama ulivyoeleza. Lakini ini na tumbo la chakula navyo vikipata kansa huweza kujaza maji vivyo hivyo. Majina haya yanakupeleka njia tofauti kabisa, na wewe ulitaka kutia sahihi kabla hujajua ni lipi.

Mgonjwa wa namna ile kwa kawaida huacha karatasi. Mara nyingi ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya ubatizo au nikaha na risiti za shule. Mpigie simu binamu yako aliyebaki Koboko. Mwombe atafute karatasi ya hospitali yenye neno la daktari, na akiipata aipige picha akutumie. Muulize pia mambo mengine: kuna mwanamke mwingine wa ukoo aliyepata kansa ya titi akiwa kijana, tuseme kabla ya miaka 50? Kuna mwingine aliyevimba tumbo? Na usiishie upande wa mama yako. Wengi hudhani haya hupita kwa wanawake tu, kumbe baba naye huweza kumrithisha binti.

Nasisitiza hivi kwa sababu hapo ndipo mizani inapogeuka. Mwanamke asiye na historia hiyo nyumbani kwao, uwezekano wake wa kupata kansa ya ovari maishani ni mdogo. Hesabu za Marekani ni kama mmoja kati ya 80. Angelina Jolie hakuwa kwenye kundi hilo. Mama yake alikufa kwa kansa ya ovari, naye alipopimwa akakutwa na hitilafu ya jeni ya BRCA1. Wenye hitilafu hiyo, takriban 40 kati ya 100 huipata. Ndiyo maana alitoa matiti 2013, kisha ovari na mirija 2015. Alikuwa anajibu kipimo chake. Karatasi ya mama mkubwa ikisema ovari, au ukikuta wawili watatu wa ukoo mmoja, mwambie daktari kabla ya upasuaji na umuulize kuhusu kipimo hicho cha jeni, na kama anaweza kukuelekeza kwa wenzake wa Taasisi ya Kansa pale Mulago. Hapo kuzitoa kunakuwa na uzito mwingine, na mimi mwenyewe nisingekuzuia hata kidogo.

Tuje kwa Hajati. Nimemwonea huruma sana. Yaliyompata ni ya kweli: ovari zikitoka kabla ya wakati, hedhi hukoma usiku mmoja badala ya kufifia kwa miaka. Joto, jasho, kukosa usingizi, hasira za ghafla, ukavu ukeni, hamu kupotea. Lakini niambie, aliwahi kupewa homoni? Ninavyosoma, hakuna aliyemwambia kwamba joto lile lina dawa. Mwanamke wa miaka 39 aliyetolewa ovari kwa kawaida hushauriwa kutumia estrojeni mpaka afike umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, kama 50 au 51, isipokuwa awe na sababu ya kumkataza, mfano kansa ya titi, damu kuganda kwenye mishipa au ugonjwa wa ini. Tena asiye na kizazi hutumia estrojeni peke yake. Zile habari za 2002 zilizowatia watu hofu ya homoni zilitoka kwa wanawake wa Marekani waliokuwa wakitumia homoni mbili pamoja, wenye wastani wa miaka 63. Wewe na Hajati si hao. Kwa hiyo usiku wa Hajati haukutokana na kisu peke yake. Ulitokana pia na kuachwa bila dawa. Mpelekee ujumbe huu hata kama wewe hautakufaa. Bado anaweza kuonana na daktari, na kwa ukavu ipo krimu.

Lakini usichukulie kwamba dawa inamaliza yote. Yapo yasiyoonekana mlangoni usiku. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wauguzi 29,380 waliotolewa kizazi, wengine wakiwa wameacha ovari, wengine wametoa zote, baada ya kuwafuatilia miaka 24. Waliotoa walipata kansa ya ovari na ya titi kwa uchache. Hata hivyo kwa jumla walikufa zaidi, na ugonjwa wa moyo ulikuwa na mkono wake. Mzigo mkubwa uliwaangukia waliotoa kabla ya miaka 50 na hawakutumia estrojeni kabisa. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kila chanzo, lakini nimekuwekea hapa kwa sababu uliandika sentensi moja mwishoni kana kwamba ni nyongeza: baba alikufa kwa kiharusi akiwa na 58, na presha yako imepanda. Mwanangu, hiyo haikuwa nyongeza. Kifo cha mama mkubwa umekieleza kwa mistari mingi kwa sababu ulikishika kwa mikono. Cha baba umekipitia haraka. Na daktari anapaswa kusikia vyote viwili kwa uzito uleule.

Ukiziacha nako kuna yake, nisikufiche. Sehemu ya damu inayolisha ovari hupita kandokando ya kizazi, hivyo baada ya upasuaji ovari huweza kuchoka miaka michache mapema kuliko zingechoka zenyewe. Hutakuwa na hedhi ya kukuonyesha, joto ndilo litakuambia. Wachache hurudi hospitali baadaye kwa uvimbe wa maji au maumivu ya ovari iliyobaki, na hapo hofu ya baba watoto ina msingi. Kubwa zaidi, hakuna kipimo cha kuaminika cha kuikamata kansa ya ovari mapema kwa mwanamke asiye na dalili. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakipimwa damu na skani kila mwaka. Matokeo ya 2021 yakaonyesha upimaji ule haukupunguza vifo. Kwa hiyo atakayekuambia "ziache, tutakuwa tunazipiga skani kila mwaka" anakupa faraja zaidi ya ulinzi.

Sasa kuna kitu ambacho fomu yako haikukionyesha. Uliambiwa njia mbili, zitoke au zibaki. Ipo ya kati: ovari zibaki, mirija ya uzazi itoke. Imegundulika kwamba kansa nyingi kati ya zile kali tunazoziita za ovari huanzia kwenye ncha ya mirija, na mirija haitengenezi homoni. Madaktari wa British Columbia, Kanada, walianza 2010 kuhimizana kuitoa mirija wakati wa kutoa kizazi, na leo jambo hilo linafanywa nchi nyingi. Haiondoi hatari yote. Hata kutoa ovari zenyewe hakuiondoi yote, kwa sababu mara chache kansa ya aina ileile huota kwenye utando wa tumbo. Lakini inaipunguza bila kukuletea usiku wa Hajati. Muulize daktari wako kama anaifanya na kama inaongeza gharama.

Unaweza pia kuandika sharti: zibaki, isipokuwa mkifungua mkakuta ugonjwa. Ukiandika hivyo, mkubaliane kabisa ugonjwa gani. Uvimbe mdogo wa maji si sawa na kitu kinachotia shaka, na hutaki kuamka ukabishana juu ya neno moja. Kama una ugonjwa mwingine hukuutaja, mathalani ile hali ambapo ngozi ya ndani ya kizazi huota nje yake na kuleta maumivu makali kila mwezi, hesabu inabadilika, kwa sababu ovari ndizo zinazoulisha. Uliza kama skani yako ilionyesha chochote kwenye ovari zenyewe. Uliza pia kama mlango wa kizazi unatoka au unabaki, na kama umepimwa. Kile kipimo cha kupaka siki ni cha dakika chache. Ukibaki, utaendelea kupimwa.

Baba watoto sasa. Mtu aliyeuza pikipiki yake kwa ajili ya tumbo la mkewe simlaumu kwa lolote. Ila hesabu yake ina upande mmoja. Amehesabu bei ya kurudi kwenye upasuaji. Hajahesabu bei ya dawa. Ukitoa ovari leo na ukatumia homoni mpaka 51, hiyo ni miaka 7, miezi 84. Nenda kwenye duka la dawa, uliza kama wanayo estrojeni, kama huwa inapatikana Arua miezi yote au huletwa kutoka Kampala, na bei ya mwezi mmoja. Zidisha mbele yake, kwa kalamu, nyuma ya lile daftari la madeni. Huenda mkaona mnaimudu. Huenda mkaona pikipiki nyingine ilikuwa imejificha humo.

Na mzungumze la chumbani, nyinyi wawili, usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwambie ulichoniambia mimi: kwamba bado unamtaka na unaogopa kupoteza hilo. Sidhani kama anajua kwamba "watoe kila kitu" inagusa huko. Na wewe usidhani kutoa kizazi peke yake kutakuharibia. Wanawake wengi waliokuwa wanavuja kama wewe hupata nafuu hata kitandani, wakishapona na kuacha kuhofia shuka.

Siku kumi na mbili si chache, na hata hivyo si amri. Ile siku ulipopewa fomu hukuonana na daktari. Rudi umwombe dakika kumi kabla ya kulazwa, uende na mumeo, na presha yako imepimwa siku mbili tatu tofauti na kuandikwa. Mueleze habari za mama mkubwa, na za baba yako. Kisha muulize: kwa mwili huu wangu, ungehofia nini zaidi? Msikilize anajibu nini, na angalia wewe mwenyewe moyo unatulia wapi au unakaza wapi. Kama siku zitafika na karatasi haijapatikana, omba kujua: kiwango cha damu yako kikiwa kimeongezeka na unameza vidonge vya madini ya chuma, je, wiki moja zaidi ina hatari? Daktari ndiye wa kulijibu hilo, na kuuliza hakumwudhi.

Ile nafasi tupu sitakujazia, mwanangu. Kuna mwanamke wa miaka 44 atakayeandika "zitoke" akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu 2016. Kuna mwingine atakayeandika "zibaki, mirija itoke" akalala vizuri vilevile. Sikujui vya kutosha kusema wewe ni yupi.

Anza na simu ya Koboko, leo jioni kama una salio. Na binamu akishalifungua sanduku niandikie, hata kama atakuta mchwa wamezimaliza karatasi zote.

Shangazi yako